Lilipo Gari, Ndipo Tulipo

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza. Mimi, mwanachuo wa mwaka wa pili, leo nimeitwa mwalimu. Kazi ya kujitolea. Somo: kujiandaa na dharura. Moto, mafuriko, tetemeko, paa kuezuliwa, vyote. Wanafunzi ni Darasa la Pili. Kuhusu moto sijui lolote zaidi ya kwamba unaunguza. Lakini wale ni watoto wadogo, watajuaje kwamba sijui?

Niandike ukweli, maana shajara haina mdomo. Sikujitolea, nilitolewa. Chuoni kwetu haingii mtu mwaka wa tatu bila kupitishwa kwenye kazi ya kujitolea. Kwanza nilipangwa kuzibua mitaro, nikaumwa mgongo. Kisha nikapangwa kuwasomea wazee magazeti, nikasinzia kabla yao. Msimamizi wangu amesema hii ndiyo ya mwisho. Mwalimu Mkuu akinipitisha, naendelea na masomo. Asiponipitisha, narudi nyumbani kwenye mashine ya kusaga ya Mjomba. Na Mjomba hana subira. Ameshawatangazia wateja kwamba mpwa wake msomi anakuja kumwaga nafaka.

Hila yangu ni nyepesi. Ijumaa ya wiki ijayo kuna zoezi la shule nzima. Kengele italia, madarasa yatatoka, Afande wa zimamoto atakaa kwenye kiti kutazama. Darasa langu likitoka vizuri kuliko yote, Mwalimu Mkuu atanipenda kama mwanawe wa kumzaa.

Kikwazo kimoja tu. Yuko mwanachuo mwenzangu, na yeye amejitolea kweli. Amepewa Darasa la Nne. Amekuja na filimbi yake mwenyewe, tena ina kamba. Nimempa jina Dada Filimbi. Alinisalimia kwa furaha. Kwa nini? Anataka nini kwangu?

Jumanne, 5 Machi

Somo la kwanza: kujikinga chini ya dawati. Nikawaonyesha mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama. Wahenga hawakusema atainukaje. Madawati ya Darasa la Pili yametengenezwa kwa ajili ya Darasa la Pili, na mabega yangu ni ya chuo. Watoto walinishika miguu wakavuta huku wakiimba. Mwalimu wa darasa, mama wa makamo anayesahihisha madaftari nyuma ya chumba, hakuinua hata uso. Alisema tu kwamba wa mwaka jana naye alikwama hapohapo.

Nilipochomoka, balaa jingine. Kila darasa lazima liwe na mahali pa kukusanyikia. Watoto wakishatoka wanakwenda hapo, wanahesabiwa. Wakati mimi niko dawatini, walimu wenzangu walikuwa wanagawana shule. Dada Filimbi amechukua mlingoti wa bendera na kuuzungushia mduara wa chokaa. Darasa la Tano wana uwanja. Darasa la Tatu wana tangi la maji. Mimi nimebakiziwa jalala.

Hapo nikaliona gari la Mwalimu Mkuu. Jeupe. Limeegeshwa kando ya ukuta, mbali na majengo, hakuna cha kuliangukia. Kila mtoto analijua. Asubuhi lilikuwa pale. Mchana nikachungulia, lipo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Tena Mwalimu Mkuu akitazama dirishani ataona mwenyewe nani anachapa kazi.

Nikawatungia watoto kiitikio. Mimi: lilipo gari? Wao: ndipo tulipo! Madirisha yalitetemeka. Nikawapa na sheria. Shikaneni mikono wawili wawili. Msikimbie, msisukumane, msiongee. Mkifika lizungukeni gari, na asiondoke mtu mpaka niwe nimehesabu na kusema "salama".

Mstari wa mbele kuna msichana mmoja, macho makali, kidole juu muda wote. Nimemwita Wakili. Aliuliza, je, gari likiondoka? Nikamjibu kwamba kwenye dharura hakuna maswali. Akauliza kama hapa tulipo ni kwenye dharura. Nikafuta ubao.

Alhamisi, 7 Machi

Sijaielewa siku ya leo. Nimeipindua huku na huku, sijaielewa.

Zoezi lenyewe lilikwenda kama maji. Watoto walitoka, wakalizunguka gari, kimya, mikono imeshikana. Nikaona wametulia, nikapitia jikoni mara moja kuomba chai. Mpishi wa shule ana maneno mengi. Niliporudi, Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama penye gari na funguo mkononi. Anasubiriwa kwenye kikao cha wakuu wa shule. Alikuwa amewaomba watoto wapishe. Walimwamkia vizuri, shikamoo Mwalimu, kisha wakamweleza kwamba haiwezekani, bado hawajahesabiwa.

Nikahesabu mbio mbio. Mimi nahesabu jozi, ni haraka zaidi. Darasa lina watoto thelathini na watano. Nikapata thelathini na sita. Nikarudia. Thelathini na sita. Jasho likanitoka. Mtoto kupungua ningeelewa, lakini kuongezeka? Mara ya tatu ndipo nikaona. Mtoto aliyekosa mwenzake alikuwa amemshika mkono Mwalimu Mkuu.

Nikasema "salama". Wakapisha. Mwalimu Mkuu alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kuwasha gari. Nadhani ananikubali. Ila mbona alikuwa anatafuna midomo?

Ijumaa, 8 Machi

Kuna mkono wa mtu hapa.

Leo nimepiga kengele ya mkono, darasa likatoka vizuri, likafika ukutani na kusimama. Gari hakuna. Ardhi tu, na tone la oili. Watoto wakanitazama. Mimi nikalitazama tone. Wakili akaangaza macho kushoto, kulia, akasema liko nyuma ya stoo ya jiko. Wakageuka wote. Nikasema ngojeni, lakini nilishawafundisha kwamba neno wanalosikia ni "salama" peke yake.

Njia ya kwenda nyuma ya stoo inapita katikati ya mduara wa Dada Filimbi, na Darasa la Nne walikuwa ndani yake wanafanya zoezi lao. Kisha inapita jikoni, mlango huu na kutokea mlango ule. Mpishi alikuwa ameinua sufuria kubwa. Aliishusha haraka kuliko alivyokusudia. Chakula cha mchana kimeliwa jioni.

Nani amehamisha gari? Dada Filimbi amempa Mwalimu Mkuu maneno, sina shaka. Nikaenda ofisini. Nikamwomba Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, arudishe kituo changu mahali pake.

"Lile ni gari langu," alisema.

"Kwa kiasi fulani, ndiyo, Mama," nilisema.

Akaniomba nifunge mlango. Nikafunga. Akasema alimaanisha nikiwa nje.

Jumapili, 10 Machi

Mjomba amepiga simu. Hakunisalimia, aliuliza urefu wangu. Nikauliza wa nini. Akasema mdomo wa mashine uko juu, stuli imevunjika, na kijana aliyekuwa anamwaga nafaka ameacha kazi. Nikamwambia mimi naingia mwaka wa tatu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akampa mama simu, naye mama akasema kwa sauti ndogo kwamba ananiombea.

Sikuipenda sauti ile. Mama anapoomba kwa sauti kubwa, mambo ni mazuri. Ameshawaambia majirani wote kwamba mimi ndiye wa kwanza nyumbani kwetu kufika chuo. Nikirudi kabla ya wakati, nitapita mlango gani nisionekane? Naogopa, naandika wazi. Siogopi moto, naogopa ule mlango.

Lazima gari litulie. Nimepata wazo.

Jumatatu, 11 Machi

Gari limerudi ukutani. Mpishi aligoma kupika mpaka liondoke nyuma ya stoo yake.

Kitu kikiwa na kibao hakihamishwi. Posta ina kibao, nani amewahi kuona posta imehamia jikoni? Nikaandika karatasi kubwa, herufi nyekundu: MAHALI PA KUKUSANYIKIA. Gundi nikaazima kwa fundi viatu wa kona. Aliuliza nabandika nini. Nikasema karatasi kwenye kioo. Akasema hiyo ni gundi ya soli. Nikasema ndiyo vizuri. Akanitazama, akanipa, akageukia kiatu chake.

Nimeibandika kwenye kioo cha nyuma wakati wa mapumziko. Imekaa barabara, hata kucha haipiti. Wakili alinishikia kona moja. Aliniuliza kama Mwalimu Mkuu anajua. Nikamwambia anataka kushtukizwa.

Jumatano, 13 Machi

Ameshtuka.

Mwalimu wa darasa amenisimulia bila kuacha kusahihisha. Mume wa Mwalimu Mkuu ameikwangua karatasi kwa maji moto na kisu, na kilichotoka ni nusu. Limebaki neno KUSANYIKIA. Jana Mwalimu Mkuu aliegesha sokoni, watu wakaanza kukusanyika nyuma ya gari. Kila aliyekuja alimuuliza aliyemtangulia kuna nini. Alipotoka na nyanya zake alikuta umati, na mzee mmoja alimwomba aanze kuhutubia.

Mimi nilidhani hiyo ni dalili njema. Kibao kinafanya kazi. Mwalimu wa darasa akainua uso kwa mara ya kwanza tangu nifike, akanitazama, akaurudisha chini.

Jioni Dada Filimbi akanifuata. Akasema mduara wake ni mpana, niwalete wanangu Ijumaa, tukae wote. Alisema kwa upole. Nikamshukuru, nikakataa. Sikuzaliwa jana! Mtu hakupi nusu ya mduara wake bure. Kwanza, atasema darasa langu ni lake. Pili, sijui. Nimewaza mpaka taa zikawashwa mtaani, anapata faida gani, sijaiona. Ni hila ya kiwango cha juu.

Ijumaa, 15 Machi

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Afande wa zimamoto alifika mapema, mtu mnene, kimya, buti zinang'aa. Akakalishwa chini ya turubai. Hapo ikagundulika soda ya mgeni imesahaulika. Mwalimu Mkuu, mtu asiyependa aibu, akachukua funguo mwenyewe, akasema zoezi lisianze mpaka arudi. Duka liko mtaa wa pili tu. Alipolitoa gari ukutani, Afande akatazama saa yake. Akasema moto haumsubiri mtu, kengele ipigwe.

Ikapigwa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya Afande, mgongo kwa madarasa, namweleza mbinu zangu. Nikamwambia asubiri aone Darasa la Pili. Akasema anasubiri. Nyuma yangu nasikia nyayo, nasikia filimbi, nasikia madarasa yanahesabiwa moja baada ya jingine. Afande akasema bado anasubiri. Nikageuka.

Darasa la Nne wako kwenye mduara wao. La Tano uwanjani. La Tatu penye tangi. Ukutani hakuna gari wala watoto.

Nikaenda darasani. Madaftari yamefunguliwa, kalamu ziko juu yake, hakuna mtu. Nikachungulia chini ya madawati, kwa mbali. Mwalimu wa darasa alikuwa nje na wenzake. Akasema wale walikuwa wa kwanza kutoka, wawili wawili, wala hawakuhitaji kuambiwa. Nikakimbia nyuma ya stoo. Mpishi akainua mwiko, akasema leo hapiti mtu hapa. Nilishindwa kuelewa. Watoto thelathini na watano si sindano.

Kisha nikafika getini. Mlinzi akasema ndiyo, wametoka, tena kwa adabu. Alijaribu kuwauliza wanakwenda wapi, msichana wa mbele akamwambia kwenye dharura hakuna maswali.

Geti lilikuwa wazi. Nje ni barabara.

Sikumkumbuka Afande, wala Mjomba, wala mwaka wa tatu. Niliwaza malori yanayopita pale bila kupunguza mwendo, na niliwaza yule mtoto asiye na mwenzake, nani amemshika mkono. Nilikimbia. Sijawahi kukimbia hivyo. Dada Filimbi akatoka nyuma yangu, akanipita, akaingia katikati ya barabara akipuliza filimbi na kuyasimamisha magari kwa mkono. Fundi viatu wa kona hakuulizwa kitu. Alinyoosha sindano yake kuelekea mtaa wa pili.

Wapo. Mbele ya duka la soda. Gari jeupe, kioo cha nyuma kimeandikwa KUSANYIKIA, na darasa langu lote limelizunguka, mikono imeshikana, kimya kama wamechorwa. Mwalimu Mkuu alikuwa ndani, kreti la soda limekaa kiti cha pembeni, na mlango haufunguki kwa sababu ya watoto. Alikuwa ameacha kupiga honi. Yule mtoto asiye na mwenzake alikuwa amemshika mkono muuza duka, naye muuza duka hakuthubutu kuuondoa.

Safari hii sikuhesabu jozi. Nilihesabu mmoja mmoja, namgusa kila mtu kichwa. Thelathini na tano. Nikarudia, si kwa kukosea, ni kwa kupenda tu kuisikia ile namba. Wakili alikuwa wa mwisho.

"Gari lilienda mbali, Mwalimu," alisema. "Tulidhani wewe hutafika."

Nilitaka kusema "salama". Badala yake nililia pale barabarani mbele ya muuza duka, na nilipotazama ndani ya gari Mwalimu Mkuu naye alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa. Dada Filimbi ndiye aliyesema "salama" kwa niaba yangu. Hawakumsikiliza. Ikabidi niseme mimi.

Tulirudi wote, gari nyuma yetu linatambaa. Afande alikuwa amesimama getini. Alisema katika kazi yake hajaona darasa lililotoka kwa utulivu kama lile. Kisha akauliza mahali pao pa kukusanyikia ni wapi. Wote tukaligeukia gari. Soda ilifunguliwa, haikunyweka.

Jumatatu, 18 Machi

Mwalimu Mkuu hajanipitisha.

Aliniita ofisini, akaniambia nikae, akaniuliza kama nimekula. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Akasema watoto wamejifunza kutii, na sasa inabidi yeye awafundishe kuuliza. Akasema hana kinyongo na mimi. Akasema usiku anaamka anaisikia ile honi yake mwenyewe. Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa moyo, si kwa hila, na sijui kama tofauti inaonekana usoni kwangu.

Darasani Wakili alinyoosha kidole, akauliza kama naondoka kwa sababu yao. Nikasema hapana. Akauliza, sasa kwa sababu ya nani? Nikafuta ubao, na haukuwa na kitu.

Msimamizi wa chuo amekasirika, lakini ana huruma zake. Amesema ataniruhusu kujaribu tena muhula ujao kwa sharti moja. Nirudi nyumbani, nikae, nitafakari kosa lilikuwa wapi. Yeye mwenyewe atakuja kunitembelea, na akiona nimelielewa, jina langu litarudi. Asipoona, basi tena.

Kosa lilikuwa wapi? Dada Filimbi alinisindikiza mpaka getini, akataka kuniambia. Nikamwambia asihangaike, nataka nilivumbue mwenyewe.

Jumatano, 27 Machi

Unga kila mahali. Kwenye nyusi, kwenye masikio, kwenye shajara. Mjomba ameniunganishia stuli ile iliyovunjika, nayo inatikisika. Mama ananiletea chai kupitia mlango wa nyuma. Majirani ameshawaambia kwamba niko likizo.

Lakini sijakaa bure! Hapa kwenye mashine wanatumwa watoto wengi, kila mmoja na ndoo yake ya mahindi, wanapanga foleni mpaka nje. Na mkanda wa mashine ukichoka hutoa moshi. Nilimuuliza Mjomba, moto ukitokea, watoto hawa waende wapi? Akasema watoke nje. Basi! Hakuna mpango wala mahali pa kukusanyikia. Kumbe kazi yangu ilikuwa inanisubiri hapahapa.

Msimamizi anakuja Jumamosi. Nimekaa juu ya stuli yangu siku zote hizi nikitafakari kama alivyotaka, hatua kwa hatua, bila kujionea huruma. Na leo nimeliona kosa. Liko wazi kabisa, nashangaa halikunijia mapema.

Ni mwendo. Gari lina kasi mno kwa miguu ya watoto. Haraka haraka haina baraka, wahenga wamesema tangu zamani, na mimi nilikuwa na masikio.

Kwa hiyo nimefanya badiliko. Mjomba ana punda wa kuvuta mkokoteni, anayepeleka magunia sokoni. Anafungwa nje, mbali na mashine, mahali peupe. Ni mkubwa, anaonekana, na watoto wanampenda. Leo nimewafundisha kumzunguka, na wameshika haraka kuliko wale wa shule. Msimamizi akija atakuta kila kitu tayari.

Tena punda mwenyewe ni mzee, ana kwato mbovu. Hata akiondoka, watamfikia.